Usimpige Picha Kabla Hajafika

Nakumbuka adhuhuri moja ya masika, mwanangu, nimesimama uani kwa mama mmoja huko milimani Mbinga, viatu vimejaa udongo, nimemnyooshea picha yake kwa mikono miwili huku nasubiri sifa. Nilikuwa na hakika ya sifa hizo kama nilivyokuwa na hakika ya jina langu. Yule mama akaipokea, akaitazama, akaigeuza nyuma kama anayetafuta nyingine, kisha akanirudishia mkononi.

Lakini nimeanzia katikati. Sisi wazee tuna kawaida hiyo, nivumilie nirudi mwanzo. Mvumilivu hula mbivu, na chai bado ipo kwenye chupa.

Umekuja kuniaga. Unasema unakwenda Mbamba Bay, ukitoka huko unazungukia Njombe mpaka Mbeya, na umeniuliza kwa nini picha zako za safari iliyopita hazina ladha wakati ulikokwenda kulikuwa kuzuri. Umenipa simu nikatazama. Nimetazama zote, mwanangu, sikuruka hata moja. Nimeona pua yako na Ziwa Nyasa. Nimeona pua yako na milima ya Matogoro. Nimeona pua yako na mgomba. Pua ni nzuri, umeirithi kwa bibi yako, lakini nilitaka na mimi nilione lile ziwa. Kisha nimeona wavuvi kwa mbali, wadogo kama sisimizi, na akina mama wanaoanika dagaa, mmoja amefunika uso kwa kanga, mwingine anakutazama kwa jicho ambalo ningekuwa mimi ningeondoka hapo upesi. Hilo jicho nalijua. Nimewahi kutazamwa nalo, na ndiyo maana nimekuambia ukae.

Usinione leo nimekaa hapa Mjimwema, Songea, nachambua maharage ukadhani nilizaliwa bibi. Mimi Skola, binti wa mkulima wa mahindi wa Maposeni, nilikuwa mpiga picha, na sikuwa mpiga picha wa kubahatisha. Ukiingia nyumba nyingi za hapa Mjimwema, na Mshangano, na huko kwetu karibu na Peramiho, ile picha ya arusi iliyotundikwa ukutani, ya rangi iliyoanza kufifia, muulize mwenye nyumba nani aliipiga. Atakuambia. Wakati ule msichana kutembea na kamera shingoni kulikuwa kama msichana kuendesha trekta: watoto walinifuata, na wazee waliniuliza kama baba yangu anajua. Baba alijua, na alikuwa akinisifia kilabuni mpaka wenzake wakamwomba anyamaze.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Rashidi, mtu wa Tunduru, mtoto wa wakulima wa korosho, aliyekuja Songea akafungua studio karibu na soko. Alikuwa mpole, mswalihina, na mkali wa jambo moja tu: miguu. Kwake picha ya mtu lazima iwe na miguu. "Amekuja kwa miguu yake, binti yangu," alikuwa akiniambia, "wewe ni nani umkate?" Na watu ndivyo walivyotaka. Wakati ule picha haikuwa mchezo. Filamu ilikuwa haba, na mtu alipiga picha mara chache katika umri wake wote, kwa hiyo alijiandaa. Alioga. Alivaa. Asiye na saa aliazima saa, mwenye redio aliileta redio, na baiskeli zikaingizwa studio zimeng'arishwa kuliko wenyewe. Kisha mtu akasimama wima mbele ya pazia lililochorwa maua, mikono imenyooka ubavuni, uso haucheki, miguu yote miwili inaonekana na viatu vyake.

Mimi nilikwishachoka na miguu hiyo. Nilikuwa nimeona kalenda moja yenye picha za watu waliopigwa kwa karibu, bila kujua, wako kazini, makunyanzi yote yanaonekana, nikasema moyoni: picha ndiyo hii. Wateja wetu niliwaona wamekauka kama watu wanaosubiri kusomewa hukumu. Nilijiambia siku nikitumwa peke yangu safari, nitaleta picha ambazo Songea haijaziona. Ujana, mwanangu. Lakini nisikudanganye, kipaji nilikuwa nacho, na nilijua ninacho.

Siku hiyo ikaja. Mzee Rashidi alinituma kupiga arusi huko milimani, upande wa Litembo. Nikapanda lori lililopeleka bidhaa za duka, tukateleza na kusukuma, tukafika. Arusi ilikwenda vizuri, na jioni watu walipokuwa wanakula, akanifuata mama mmoja mwembamba, mrefu, amevaa blauzi nyeupe ya kanisani na rozari shingoni. Watu walimwita Mama Osmund. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia, akakaa karibu yangu, akanieleza shida yake bila kuzunguka.

Mwanawe Osmund alikuwa Tanga. Alikwenda huko kijana mdogo, akafuata wajomba zake waliotangulia kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kama walivyokwenda watu wetu wengi. Sasa alikuwa fundi wa mashine, na amepata mchumba, binti wa Lushoto. Mambo yote yalikuwa tayari isipokuwa moja. Baba wa binti amekataa.

"Anasema watu wa mkonge hawana kwao," Mama Osmund akaniambia. "Anasema walishushwa na lori, hata wenyewe hawajui walikotoka. Atamtoaje binti yake kwa mtu ambaye akifa hajulikani apelekwe wapi? Anataka kuona kwao na mwanangu. Sasa mimi nitamwonyesha nini? Nipande basi mpaka Lushoto na nyumba yangu kichwani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nataka picha," akasema. "Kesho mchana uje nyumbani. Nitakuwa nimetoka shamba, nimeoga, nimevaa. Unipige. Binamu yake Osmund, Tito, anarudi huko huko Tanga karibuni, ataibeba."

Nikamwambia, usiwe na shaka mama, umepata mpiga picha.

Kesho yake asubuhi dereva wa lori akatazama mawingu, akasema hatusubiri mchana, mvua ikinyesha tena hatutoki huku. Mimi nikapanda mlima mbio kumtafuta Mama Osmund shambani. Nikamkuta anachimba ngoro.

Wewe umekulia mjini, huenda ngoro huijui vizuri. Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo ya Mbinga, wanalima kwenye mteremko ambao mimi na wewe tungeogopa hata kuukalia. Majani hufyekwa yakalazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati ukarushwa juu ya majani, yakabaki mashimo mashimo mlima mzima, kama sega la nyuki. Mvua ikija inatulia humo mashimoni, haikimbii na udongo. Wanaume hufyeka na kulaza majani. Kuchimba ni kazi ya wanawake. Kwa hiyo ukiona mlima wa Umatengo umechimbwa ukapendeza, ujue umeona mikono ya mwanamke.

Lakini siku ile mimi mlima sikuutazama. Nilimtazama yeye. Alikuwa ameinama na jembe, kitambaa kimelegea kichwani, tope limemrukia shavuni, jasho linatiririka, gauni la kazi limechanika begani. Akainua uso kuona nani anakuja, na hapo hapo nikampiga. Nilikuwa nimesogea karibu mno, uso na mkono na mpini wa jembe, basi. Nikajua nimepata.

"Tayari, mama," nikasema.

"Tayari nini?"

"Picha."

Akaitazama mikono yake. "Bado, mwanangu. Sijaoga hata uso."

Chini kule lori likapiga honi. "Usijali mama, imetoka nzuri kuliko ya nyumbani," nikamwambia, nikateremka mbio, naye akabaki amesimama na jembe lake. Nilisikia akiniita. Nilijifanya sikusikia, honi ilikuwa kubwa.

Filamu iliposafishwa, mwanangu, picha ile ilinitoa machozi. Mpaka leo nasema ilikuwa nzuri, na asiyekubali aje tubishane. Macho yale yalikuwa yanatazama moja kwa moja, na tope shavuni limekauka nusu, unaweza kuhesabu nyufa. Nikaikuza kwa fedha yangu mwenyewe. Nikampelekea Mzee Rashidi, akaiweka karibu na dirisha, akaitazama kwa muda.

"Mashallah," akasema. "Picha nzuri. Ya nani?"

"Ya Mama Osmund, yule niliyekueleza."

"Hapana, binti yangu, hii ni yako. Yake iko wapi?"

Nikadhani mzee anaanza habari zake za miguu. Nikaifunga picha kwenye karatasi safi, nikapata usafiri Ijumaa, nikapanda milima kwa furaha. Na ndipo tulipofika pale nilipoanzia: nimesimama uani, nimerudishiwa picha mkononi.

"Hukuipenda, mama?" nikauliza.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi najua ni mimi. Nakuuliza, yule baba wa Lushoto ataona nani?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Ataona mwanamke wa matope. Hana nyumba, hana shamba, hana viatu, hata miguu ya kuvalia viatu hana. Atasema, kumbe ni kweli, walishushwa na lori. Wewe binti nilikuambia nije nyumbani nioge nivae. Ulinipiga picha kabla sijafika."

"Lakini ulikuwepo, mama."

"Mwili ulikuwepo shambani. Mimi nilikuwa bado njiani nakuja."

Nilinuna. Nisikufiche, niliona nimedharauliwa, mimi mtu wa mjini niliyepanda mlima na tope hili kumletea mshamba kitu asichoweza kukielewa. Neno hilo lilinijia kichwani na nashukuru Mungu halikufika mdomoni, maana Mama Osmund alikwishaingia jikoni na akatoka na ugali na maharage, akaniwekea mbele. "Kula kwanza," akasema, "unune ukiwa na kitu tumboni." Nikala. Nilipokuwa nakula nikatazama ile nyumba. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ameezeka bati, kuta amezipaka udongo mweupe, uani kumefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio. Mama huyu alikuwa mjane. Hayo yote aliyasimamisha kwa kahawa na maharage na mikono ile niliyoipiga picha. Na mimi katika picha yangu nzuri sikuweka hata kona ya bati lake.

Tito alikuwa anapanda basi Songea Jumatatu. Nikasema, mama, vaa, nitapiga upya sasa hivi.

Akaoga, akavaa. Alipotoka ndani nikamwona kama sijawahi kumwona, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Blauzi nyeupe, kitenge cha bluu kipya, rozari, kitambaa amekifunga kwa juu. Alitembea taratibu, kichwa hakigeuki ovyo, na watoto wa jirani waliokuwa wanapiga kelele wakanyamaza wenyewe wakamwamkia. Kumbe ndivyo alivyo. Yule niliyemwona shambani alikuwa mama huyu huyu, lakini anatazama chini anafanya kazi. Huyu sasa alikuwa anautazama ulimwengu. Nikasema moyoni, amefika.

Akataka apigwe shambani, nyumba ionekane nyuma, mlima uonekane wote. Tukapanda. Nikamweka, nikarudi nyuma, nikaweka jicho kwenye kamera. Na hapo, mwanangu, nikaona kitu ambacho ninajivunia kwamba nilikiona. Jua lilikuwa juu, linawaka bila huruma. Mashimo ya ngoro yote yalikuwa yamepotea. Kwa macho yangu niliyaona, lakini kwenye kamera mlima ulikuwa mweupe na bapa kama mkeka ulioanikwa. Na uso wake ulikuwa na vivuli vyeusi machoni, hana macho. Ningeweza kupiga, nikachukua ujira, nikashuka. Safari ile ya kwanza ningepiga.

Nikashusha kamera. "Mama," nikasema, "wewe umefika. Shamba lako ndilo halijafika."

Akageuka akautazama mlima wake, akanitazama mimi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Eee," akasema, "sasa unaanza kuwa mtu. Litafika lini?"

"Asubuhi. Jioni jua linajificha nyuma ya mlima huu, lakini asubuhi likiwa chini, likija kwa ubavu, kila shimo litakuwa na kivuli chake. Litaonekana lote."

"Basi utalala."

Nikalala kwake. Alfajiri tukaamka, na nje hakukuwa na mlima wala nyumba ya jirani, ukungu mtupu. Moyo ukanishuka, maana lori la kunirudisha mjini lingepita kabla jua halijawa kali, na nisipolipata, picha haitasafishwa Jumapili, na Tito ataondoka mikono mitupu. Mama Osmund hakuonyesha wasiwasi wowote. Alibeba viatu vyake vya kanisani mkononi, na maji kwenye kibuyu, na jembe begani. Tulipofika shambani akanawa miguu, akaifuta, akavaa viatu. Kisha akaliosha jembe.

"Jembe la nini, mama, na umevaa hivyo?" nikamuuliza.

"Atajuaje nani amechimba?" akasema. "Lakini na lenyewe lioge."

Tukasubiri. Kwanza nilimsimamisha mahali, nikaona nyuma yake kuna mgomba, kwenye kamera ungeonekana umeota kichwani kwake, nikamsogeza. Nikaona nikisimama chini ninapata anga nyingi na shamba kidogo, nikapanda juu ya jiwe. Nikalala kifudifudi kwenye umande, nikainuka, nikahama upande. Kamera yenyewe nilikuwa nimeifuta kioo kwa ncha ya kanga mara ngapi sijui. Mama Osmund alikuwa ananitazama jinsi ninavyohangaika, na nadhani kuhangaika kule ndiko kulikomfanya anisamehe. Tuliongea. Akanieleza jinsi Osmund alivyokuwa mtoto, alivyoogopa konokono. Alipokuwa anaongea habari za mwanawe, ukungu ukaanza kupanda, polepole, kama mtu anayefunua godoro, na jua likaingia kwa ubavu kutoka ng'ambo ya bonde.

Mashimo yakajaa vivuli. Mlima wote ukasimama. Maharage machanga yalikuwa yameanza kuota kwenye matuta, kila tuta na mstari wake wa kijani, na chini kabisa bati la nyumba likang'aa. Sijawahi kuona shamba limejivuna namna ile. Na katikati yake mama amesimama wima, jembe safi mkononi, viatu vinaonekana vyote viwili, anamtazama mwanawe aliyeko Tanga. Mimi sikuwepo tena kwake. Nikapiga. Nikapiga na ya pili ya tahadhari. Kisha nikateremka mbio, na safari hii sikusikia mtu akiniita.

Mzee Rashidi alifungua studio Jumapili kwa ajili yangu. Picha ilipokauka aliishika pembeni kwa vidole, akaitazama, akaanzia miguuni. "Hii ndiyo yake," akasema. "Na yako pia." Mwanangu, nimesifiwa na watu wengi maishani, hata na wazungu. Sijasifiwa tena namna ile. Jumatatu nikaenda mwenyewe stendi nikamkabidhi Tito, na nikamwambia akiikunja, nitamfuata Tanga.

Basi tukakaa kimya mwaka mzima, mimi sina habari. Masika yaliyofuata nikaitwa tena milimani, nije na kamera, Osmund anakuja na mkewe. Nilifika mapema. Mama Osmund hakuwepo nyumbani. Wageni walitegemewa jioni, kwa hiyo yeye akasema hawezi kukaa bure, akaenda kuchimba. Lakini gari liliwahi. Likasimama chini barabarani, akashuka Osmund, na akashuka binti mmoja mweupe kiasi, amejifunga kitenge, jina lake Eliza. Wakati huo huo, juu ya njia ya mlima, akina mama wa kijiji walikuwa wanateremka kutoka mashambani na majembe begani, wengi, wote matope mpaka magotini, nguo za kazi, vitambaa vimelegea. Osmund bado alikuwa anashusha mizigo, amewapa mgongo. Hakuna aliyemwonyesha Eliza kitu.

Binti akaacha mkoba pale barabarani. Akapanda ile njia, akawapita wa kwanza, akawapita wa pili, akafika kwa mama mmoja mrefu mwembamba mwenye tope shavuni, akapiga magoti kwenye tope na kitenge chake kipya.

"Shikamoo, mama."

Mama Osmund alisahau kuitikia marahaba. Alibaki amesimama na mikono ameinyoosha pembeni, anaogopa kumchafua, na binti akamkumbatia vivyo hivyo. Mimi nilikuwa na kamera shingoni, na sikupiga. Nilikuwa nalia, na mtu anayelia hapimi mwanga. Tena, macho hayana pazia, ni kweli, lakini si kila kinachoonwa na macho ni cha kamera.

Usiku ule, kwenye chakula, Eliza akatusimulia. Baba yake aliichukua ile picha akaenda nayo dirishani. Watu wa Lushoto nao ni wa milimani, wanajua mteremko ni nini. Akatazama muda mrefu, kisha akamuuliza Osmund, "Huu mlima nani amechimba?" Osmund akajibu, mama. Baba akasema, "Mtu aliyeshushwa na lori hachimbi mlima namna hii. Huyu ana kwao." Akaiweka picha kabatini pamoja na vyombo vya wageni, na mahari ikaanza kuzungumzwa siku ile ile.

Asubuhi yake, nilipokuwa najiandaa kuwapiga picha maarusi, Mama Osmund akanivuta pembeni.

"Ile ya matope," akasema, "bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa natembea nayo kwenye mkoba mwaka mzima, sijui kwa nini. Nikaitoa. Akaitazama tena, safari hii taratibu, akapitisha kidole shavuni kwake.

"Ni nzuri," akasema. "Nilijua ni nzuri hata siku ile. Niachie niitundike karibu na nyingine. Wananijua sasa, tope halinipunguzii kitu."

Akazitundika zote mbili ukutani, bega kwa bega. Mama Osmund ametangulia mbele za haki, lakini picha zipo. Ukipita Mbinga panda ukazione, sema umetumwa na Skola, utapewa na maharage.

Sasa sikiliza, mwanangu, nisije nikasimulia nikasahau kukuusia. Una simu inayopiga picha kuliko kamera zote nilizowahi kushika, na ndilo tatizo lako, kwa sababu haikulazimishi kusubiri. Ufikapo mahali, simu ikae mfukoni kwanza. Amkia watu. Nunua ndizi, uliza njia hata kama unaijua, kuuliza si ujinga. Watu wakishakuzoea, waulize wao wanajivunia nini hapo kwao, na uende ukakitazame hicho hata kama wewe ulikuja kutazama kingine. Mtu akikuambia subiri nivae, kaa chini usubiri. Jua likiwa utosini, pumzika, ule, ulale. Amka mapema, au ngoja jioni, mlima na nyuso za watu zifike. Futa kioo cha simu, maana unakitia mafuta ya mihogo halafu unalaumu simu. Tazama nyuma ya mtu kabla ya kumtazama mtu. Songa kwa miguu yako, usivute picha kwa vidole, mtembezi hula miguu yake. Na ukimkuta mtu amechoka na kazi yake, na picha ni nzuri mpaka mkono unakuwasha, muulize. Akikataa, umepoteza picha moja, na dunia ina nyingi. Akikubali, mwonyeshe ulichopata, na ukimuahidi kumtumia, tuma. Wengi wenu mnaahidi, mnakwenda, wanawasubiri.

Pua yako nayo ipige, sikukatazi. Moja inatosha kwa kila mkoa.

Haya, simama nikubariki, magoti yangu hayaniruhusu kusimama na wewe. Mungu akutangulie barabarani na abaki nyuma yako. Madereva wako wawe wazima wa akili. Mvua ikukute umeshafika, na jua likukute umeamka. Upokelewe kama mtoto popote utakaposema shikamoo. Na kila utakayempiga picha huko uendako, mwanangu, awe amefika, na siku ukirudi kupita mlangoni kwake, akukimbilie na matope yake.